Sindano, joho na kofia: Nani huachiwa siri ya kifo?

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya kibanda cha mahamri mtaani Majengo, hapa Nyeri. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye jamaa zake nawajua, alinijia na daftari mkononi.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba. Leo umeniletea nini?"

"Hadithi. Ni ya mashindano. Si unisomee? Lakini usinionee huruma."

Daftari lilikuwa na kurasa kumi na mbili za mwandiko safi. Mhusika mkuu ni kijana yatima wa Majengo anayepanda Mlima Kenya. Pangoni anakutana na mzee anayempa vitu vitatu: fimbo isiyoshindwa, joho linalomficha anayelivaa, na jiwe linalorudisha wafu. Kijana anashuka mlima, analizungusha jiwe mara tatu, baba yake anaingia mlangoni, na wote wanaishi raha mustarehe.

Vitu vile nilivitambua mara moja. Ni vya J.K. Rowling, katika riwaya ya saba na ya mwisho ya Harry Potter iliyotoka mwaka 2007. Sikumlaumu kijana kwa kukopa. Msimulizi asiyekopa sijamwona bado. Kilichonikera ni kwamba alichukua vyombo akaacha masharti yake. Na kilichonizuia kumwambia hivyo papo hapo ni kwamba baba yake mzazi tulimzika mwaka juzi, nami nilikuwa pale makaburini.

Basi nilimzungusha. Nikamuuliza kama anamjua Fumo Liyongo.

"Yule wa sindano? Tulimsoma kidogo tu, ya mtihani."

Nikamsimulia kisa kizima, mahamri yakapoa. Nilipomaliza, akakuna kichwa, akaniuliza: "Kwa hivyo, Prof, huyo Liyongo angefunga mdomo tu, angeishi milele?"

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa zaidi ya miongo mitatu na swali hilo sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilimwambia anipe wiki moja. Makala haya ndiyo jibu langu.

Tuanze na deni lake kwa Rowling. Ndani ya riwaya hiyo mna hadithi fupi ya ndugu watatu wanaovuka mto kwa uchawi na kumnyima Mauti windo lake. Mauti, akijifanya amevutiwa na ustadi wao, anampa kila mmoja tuzo. Wa kwanza anataka fimbo ya kushinda kila pambano. Wa pili anataka jiwe la kurudisha wafu. Wa tatu, aliye mnyenyekevu, anataka kitu cha kumwezesha kuondoka pale bila Mauti kumfuata, na Mauti shingo upande anamkabidhi joho lake mwenyewe.

Mwisho wa kila mmoja ndio unaopaswa kutushughulisha. Wa kwanza anajigamba hadharani kuhusu fimbo yake. Usiku uo huo anachinjwa usingizini na fimbo inaibwa. Wa pili anamrudisha mwanamke aliyetaka kumwoa kabla hajafariki, lakini anayerudi ni mtu baridi, mwenye huzuni, asiye wa ulimwengu huu tena. Mume mtarajiwa anajiua ili amfuate. Wa tatu anaishi miaka mingi akiwa amejificha. Uzeeni anavua joho, anampa mwanawe, kisha anaondoka na Mauti kama rafiki.

Tazama kwamba hakuna kati ya vyombo vitatu kilichoshinda kifo. Fimbo iliharakisha kifo cha mwenyewe kwa sababu ya mdomo wake. Jiwe lilimvuta aliye hai kwenda kwa wafu. Joho liliahirisha safari tu, na siku ya kulivua ilipofika, lilihitaji mkono wa kulipokea. Riwaya yenyewe inashikilia hoja hiyo hadi tamati: Harry analiacha jiwe lidondoke msituni na hataki kulitafuta. Anayeitwa bwana wa kifo humo ndani ni yule aliyekubali kwamba atakufa.

Sasa turudi kwa Liyongo. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano za Zanzibar, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Abdilatif Abdalla aliuhariri utendi huo ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Wengi wetu tumekariri kiini chake: shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Wanafunzi wangu hukimbilia sindano wakasahau kitu kingine cha chuma ndani ya utendi uo huo. Liyongo anapofungwa gerezani Pate akisubiri kuuawa, anamtumia mama yake ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo, kupitia kijakazi Saada. Mama anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani yake, na kuupeleka pamoja na vyakula vizuri. Walinzi wanakula vile vizuri na kumwachia mfungwa mkate wa makapi. Kelele za ngoma ya gungu nje zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu, na Liyongo anatoroka.

Tupa na sindano. Vyote viwili ni vitu vya nyumbani ambavyo ungevipata hata hapa Majengo, kimoja kwa fundi wa baiskeli na kingine kwa mshonaji wa nguo. Havikutoka pangoni wala havikung'aa gizani. Tupa ilimwokoa kwa sababu ilitoka kwa mama, na mama alijua kuusoma wimbo. Sindano ilimuua kwa sababu ilishikwa na mwana, na mwana alikuwa ameahidiwa ukubwa na sultani wa Pate. Alimwendea baba yake, akamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba akamjibu. Akamvizia amelala, akamchoma.

Hapa ndipo ninapowaona Rowling na Kijumwa wakikutana uso kwa uso, ingawa mmoja hakumsoma mwingine. Ndugu wa tatu anampa mwanawe joho. Liyongo anampa mwanawe siri. Kila baba anamkabidhi mtoto kile kinachosimama kati yake na mauti. Katika hadithi ya kwanza ukabidhi ule ni kilele cha maisha mema. Katika ya pili ni mwanzo wa msiba. Tofauti iko kwa mtoto, na zaidi kwa aliyemshika mtoto sikio. Yule wa Rowling hana sultani nyuma yake.

Wapo watakaonipinga kwamba nachanganya mambo: Rowling aliandika fantasia akijua ni fantasia, ilhali waliomsimulia Liyongo walimwamini kuwa mtu aliyeishi, na hadi leo watu wa Kipini na Ozi watakuonyesha panapodaiwa kuwa kaburi lake. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini ndilo linaloeleza kwa nini sindano ya shaba ina makali kuliko fimbo ya kijana wetu. Msimulizi anayeamini hawezi kumpa shujaa chombo cha bure, kwa kuwa anajua vyombo vya aina hiyo huja na miiko.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Kijana aliandika "fimbo ya uchawi" na "kitu cha uchawi" kila mahali, kana kwamba Kiswahili hakina jina lingine. Hebu tazama hazina iliyopo. Hirizi huvaliwa mwilini, shingoni au mkononi, na aghalabu ndani yake mna maandishi. Fingo hufukiwa ardhini, mlangoni au shambani, ili kulinda mahali. Kago na zindiko humkinga mtu au nyumba dhidi ya madhara. Talasimu ni michoro na hesabu za wajuzi. Kila neno linakuambia kitu kiko wapi na kinamlinda nani. Tena hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotolewa bila sharti: usile kadha, usipite mahali fulani, usimwambie mtu. Ukisema "kitu cha uchawi" umefuta mahali, umemfuta mwenyewe, na sharti umelifuta pia. Kilichobaki ni swichi ya taa.

Sharti hilo la "usimwambie mtu" limetapakaa katika simulizi za nchi hii. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ilimteleza. Maadui wakamwoza binti yao. Alipougua, alimwambia yule mke amchanje kwenye kivuli chake, si mwilini, na damu ikatoka kivulini. Mke akarudi kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Inasimuliwa kwamba aligeuka jiwe, na watu wakawa wanakwenda kunoa mikuki yao juu yake.

Warusi nao wana Koshchei, ambaye kifo chake kiko kwenye ncha ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura ndani ya sanduku. Sindano tena! Lakini Koshchei ni dhalimu aliyekipeleka kifo chake mbali kadiri alivyoweza ili asimtegemee mtu. Mashujaa wetu hawakufanya hivyo. Liyongo alikuwa nacho kitovuni, mahali ambapo kila mmoja wetu aliwahi kuunganishwa na mama yake. Magere alikuwa nacho kivulini, kikimfuata popote kulipo na jua.

Basi, kijana wangu, nianze kukujibu. Liyongo angefunga mdomo, pengine angeishi sana. Lakini angeishi kama Koshchei. Mtu asiyemwambia mtoto wake linaloweza kumuua ameshaamua kwamba hana mtoto. Magere angekataa kumwonyesha mkewe kivuli, angekufa kwa ugonjwa akiwa na siri yake salama. Utendi haumlaumu Liyongo kwa kuamini. Adhabu unampelekea aliyeisaliti imani ile: mwana hakufaidi zile ahadi, aliugua akafa.

Tena jibu halijaisha, kwa maana Liyongo anafanya jambo moja zaidi baada ya kuchomwa. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale. Anafia pale, katika hali ile. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji mzima unashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti. Mwishowe wanamtuma mama yake, yule yule wa tupa, akambembeleze mwanawe. Ni hadi mwili unapoanguka ndipo wanaposadiki.

Sijui fantasia yoyote, ya hapa au ya ng'ambo, yenye picha nzito kuliko hiyo kuhusu kutawala baada ya kufa. Haina jiwe la kufufulia. Ina maiti iliyopiga goti na watu wanaoogopa.

Sisi wa Nyeri hatuhitaji kwenda Pate kuielewa picha ile. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na hapa Oktoba 1956, akahukumiwa papa hapa Nyeri, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa ndani ya gereza, na familia yake imehangaika kwa miongo mingi ikiomba mifupa. Kwa upande mwingine, mjini humu humu kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyefariki mwaka 1941. Lina jiwe lake na ua uliofyekwa vizuri, na wageni hulitembelea. Mwenye kaburi amepumzika. Asiye na kaburi bado anatajwa kama mtu aliyetoka kidogo.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliujua mchezo huu. Katika *Matigari*, iliyochapishwa kwa Gĩkũyũ mwaka 1986, shujaa anatoka msituni na kuzika silaha zake chini ya mgumo. Ukiniuliza mimi, lile ni fingo: kitu kilichofukiwa ili kulinda mahali. Watu wanaulizana Matigari ni nani, na kadiri wanavyoulizana ndivyo anavyozidi kutokamatika. Mwishoni anatoweka mtoni, haijulikani kafa au yu hai, na mtoto Mũriũki anakwenda kuzifukua zile silaha. Jina Mũriũki linabeba maana ya kufufuka. Hapa, kwa mara nyingine, mtoto ndiye anayeachiwa chombo, ila safari hii hakuna sultani aliyemwahi. Kama ilivyosimuliwa na Ngũgĩ mwenyewe, uvumi wa Matigari ulivuma hata wakubwa wakaagiza mtu huyo akamatwe; walipogundua ni mhusika wa kitabu, mwaka 1987 wakakamata kitabu. Upinde wa Liyongo ulikuwa bado umevutwa.

Ebrahim Hussein alikuwa amelitazama suala hili kwa jicho kali zaidi katika *Kinjeketile* (1969). Chombo cha Kinjeketile ni maji, yale ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, yaliyosemekana kuzuia risasi. Maji hayazuii risasi, na Hussein hatufichi hilo. Anachotuonyesha ni mtu anayeona neno lake limemtoka mkononi na kuwa kubwa kuliko yeye, halafu anakataa kulikana hata mbele ya kamba, kwa kuchelea kizazi kijacho kuambiwa kwamba wazee wao walipigania uongo. Ameshindwa kuwalinda watu na kifo. Anabaki na kazi ya kulinda maana ya kifo chao. Mtazamaji anatoka ukumbini hajui amhukumu au amheshimu, na mimi hadi leo sijaamua.

Kuhusu jiwe la kurudisha wafu, Said Ahmed Mohamed alishatujibu katika *Babu Alipofufuka* (2001). Babu anarudi kweli, lakini harudi kumkumbatia mjukuu wake. Anarudi kumhoji mkubwa huyo aitwaye K: umeifanyia nini nchi tuliyokuachieni? Katika fasihi yetu mfu akirudi huja na maswali. Hilo ndilo sharti ambalo hadithi ya kijana wangu ililiruka.

Nisiwaonee vijana peke yao. Hata riwaya zetu za kifantasia za watu wazima zina udhaifu wake. *Nagona* ya Kezilahabi (1990) na *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wamitila (2002) ni kazi ninazozienzi na kuzifundisha. Lakini humo kila kitu ni ishara ya kitu kingine, na msomaji anasoma akiwa na kalamu mkononi, anatafsiri: hiki ni falsafa, hiki ni utandawazi. Anafikiri sana na kuogopa kidogo. Sindano ya Liyongo si ishara kwanza. Ni sindano kwanza. Inachoma. Vijana wetu wanamkimbilia Rowling kwa sababu kwake joho ni kitambaa unachoweza kukishika. Tukitaka wasome Kiswahili kwa hamu ile ile, turudishe uzito wa vitu.

Naomba sasa nimalizie na daftari, maana mwenyewe ataisoma safu hii kesho yake nyuma ya karatasi ya kufungia mahamri, na alisema nisimwonee huruma.

Mwisho wa hadithi yako haukubaliki. Umemrudisha baba kwa jiwe, kisha hukumpa hata sentensi moja ya kusema. Anaingia, mnakula pilau, basi. Nilisoma mara tatu nikimtafuta yeye, sikumwona. Fimbo hukuitumia kabisa. Joho umelitumia kuwakwepa mbwa wa jirani, jambo lililonichekesha, lakini kwa mbwa yule jiwe la kawaida lingetosha.

Hata hivyo, ukurasa wa tatu una kitu. Kabla ya mlima, kabla ya mzee wa pangoni, umeandika kwamba kofia ya baba bado imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kwamba mama huipangusa vumbi kila Alhamisi jioni, na kwamba siku moja kijana aliijaribu, akashindwa kukumbuka baba alikuwa akiilaza upande gani, kulia au kushoto. Halafu ukaiacha ukakimbilia mlimani. Kofia ile haitajwi tena.

Pale ndipo niliposimama nikafunga daftari kwa muda, nikaagiza chai nyingine.

Ile kofia ni ya ukoo mmoja na tupa iliyofichwa mkateni. Ni kitu cha nyumbani, mtu amekuachia, na huna uhakika kama unajua kukitumia. Baba yako yumo ndani yake kuliko alivyo ndani ya jiwe lako lote. Ukitaka arudi, mlete kupitia mlango ule wenye msumari, aione kofia, na umwache akuulize swali. Swali gani, hilo ni lako. Mimi siwezi kukuandikia. Nami ningependa kujua atakapoivaa atailaza upande upi, na kama mama ataendelea kuipangusa siku ya Alhamisi.

Daftari nimeliacha kwa mama wa mahamri. Ukurasa wa tatu nimeupigia mstari kwa penseli. Mashindano yanafungwa mwisho wa mwezi, muda upo.